Wanukuzi wa Sauti

Kila mpenzi wa ushairi wa pwani analijua jina la Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840. Ni wachache wanaolijua jina la Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyefariki mwaka 1890. Ilhali lau si yeye, Muyaka tungalimsikia kwa sifa tu. Mashairi ya Muyaka yaliishi vinywani mwa watu. Mwalimu Sikujua aliyakusanya kutoka vinywani humo, akayaandika kwa hati za Kiarabu, na akamfafanulia maana yake W. E. Taylor, mmishionari Mwingereza aliyekuwa akiishi Mombasa. Kazi hiyo ndiyo iliyomwezesha William Hichens kuichapisha Diwani ya Muyaka mwaka 1940, miaka 100 baada ya mshairi kuiaga dunia.

Unukuzi wa zamani ulikuwa na adabu yake. Mwisho wa hati, mnukuzi aliandika jina lake, na aghalabu siku aliyomaliza kazi. Kisha akaomba radhi kwa makosa yaliyopita na kumwomba msomaji dua. Muhammad Kijuma wa Lamu, aliyenukuu tenzi nyingi kabla ya kufariki mwaka 1945, alitia jina lake katika kazi zake, na kwa sababu hiyo leo tunaweza kusema bila ya shaka: huu ni mkono wa Kijuma.

Nimewataja wanukuzi kwa kuwa nakusudia kuwazungumzia mafundi mitambo wa redio na televisheni. Huenda msomaji wa kurasa hizi akaona ajabu: fundi wa waya na vali ana nini na diwani? Jawabu langu ni kwamba katika karne ya 20 ushairi wetu ulirudi masikioni. Wengi wetu katika visiwa hivi tunayajua mashairi tuliyoyasikia redioni zaidi kuliko tuliyoyasoma vitabuni. Maneno ya taarabu, ngonjera, tenzi zilizoghanwa nyakati za usiku wa Ramadhani, majibizano ya washairi waliotuma barua kwenye vipindi vya mashairi, yote hayo yalipita mkononi mwa mtu aliyekaa nyuma ya kioo na vipokea sauti masikioni. Yeye ndiye aliyeyanukuu. Naye, kinyume na Kijuma, hakutia saini.

Tuanze kabla ya redio. Mwaka 1928 Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay pamoja na wenzake kuimba mbele ya mashine za kampuni ya santuri ya His Master's Voice. Wanaoisimulia safari hiyo huitaja sauti ya Siti, na ni haki yake. Lakini chumbani mle mlikuwa na wengine waliokuwa kazini. Sauti ilipita katika kipaza sauti, ikageuzwa kuwa umeme, na umeme ukaitikisa sindano iliyochimba mfuo katika sahani ya nta. Nta haikuwa na msamaha. Aliyekosea mshororo hakuweza kurekebishiwa. Sahani iliwekwa kando na wimbo ukaanzwa upya. Tena nta iliyokwisha kuchimbwa haikuweza kuchezwa bila ya kuharibika, hivyo mwimbaji aliondoka hajaisikia sauti yake ile itakayokwenda kuuzwa madukani.

Santuri ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ilichukua dakika 3 na ushei kwa kila upande. Taarabu ya ukumbini haihesabu dakika 3. Mwimbaji hurudia kibwagizo kadiri watu wanavyotuzwa na kutunzana, na fidla hujibu hata kiu ya wasikilizaji iishe. Mbele ya nta, aliyeshika saa alikuwa fundi, na alipoinua mkono wimbo ulikwisha. Kwa hiyo nyimbo za Siti tulizozirithi zilikatwa kwa kipimo cha sahani, kama vile shairi la gazetini linavyokatwa kwa kipimo cha safu. Anayezisikiliza leo akahukumu kwamba taarabu ya zamani ilikuwa fupi, huwa anaichambua santuri, wala haichambui taarabu.

Siti alifariki mwaka 1950. Mwaka uliofuata, 1951, Sauti ya Unguja ikaanza kutangaza. Mwaka huohuo Dar es Salaam nayo ikapata sauti yake. Umbali wa mwaka mmoja tu ulimnyima mwimbaji mkubwa kuliko wote wa visiwa hivi nafasi ya kuimba katika studio ya nyumbani kwao. Tuna santuri zake, hatuna kanda.

Kanda, au utepe kama walivyouita wengine, ndiyo iliyokibadilisha kila kitu. Ni ukanda mwembamba wa plastiki, upana wake robo inchi, uliopakwa unga wa chuma ulioshikizwa kwa gundi. Kichwa cha sumaku kinaupanga unga huo kwa kufuata sauti, na kichwa kingine kinausoma. Mashine za studio aghalabu ziliuvuta ukanda kwa mwendo wa inchi 7 na nusu kwa sekunde, yaani sentimita 19. Hebu sisi washairi tuipige hesabu hiyo kwa lugha yetu. Mshororo wa mizani 16, ukighanwa kwa utulivu wa sekunde 5, unachukua karibu mita 1 ya ukanda. Ubeti wa mishororo 4 unakaribia mita 4. Pumzi ya nusu sekunde kati ya ukwapi na utao ni sentimita 9 na nusu, na mtu anaweza kuishika kwa vidole viwili.

Fundi aliishika kwa vidole viwili kwelikweli. Mtangazaji alipokohoa katikati ya utenzi, fundi aliuzungusha ukanda kwa mkono, nyuma na mbele, akiisikiliza kohozi ikinguruma polepole mpaka akaipata ilipoanzia. Akatia alama kwa kalamu ya nta, akaukata ukanda mshazari kwa wembe, akaondoa kipande, akaziunga ncha mbili kwa gundi ya karatasi. Alikata mshazari ili sauti moja iingie katika nyingine bila ya kishindo. Akikata kupita kiasi, anameza mizani. Akikata pungufu, pumzi inabaki ikining'inia. Mtu wa namna hiyo alikuwa akipima mizani kwa rula, na mara nyingi sikio lake lilikuwa kali kuliko la mtunzi.

Kazi nyingine ilikuwa ni kuwapanga watu. Klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoasisiwa mwaka 1905, ilipokwenda studio ilikwenda na fidla, udi, ganuni, nai, kodiani na dumbaki, pamoja na waitikiaji. Mashine za zama hizo zilikuwa na njia moja tu ya sauti. Kila kitu kiliingia humo kwa wakati mmoja, na kilichoingia hakikutenganishwa tena. Hapakuwa na namna ya kuipunguza dumbaki baadaye. Basi fundi aliipunguza kwa miguu: alimwambia mpiga dumbaki arudi mpaka ukutani, akamsogeza mwenye udi karibu, akamweka mwimbaji mbele ya wote, kisha akarudi nyuma ya kioo kusikiliza, akatoka tena kusogeza viti. Tunaposikia katika rekodi ya zamani neno la mwimbaji likiwa wazi juu ya ala zote, tunamsifu mwimbaji kwa matamshi yake. Tunasahau kwamba kuna mtu aliyeamua kwamba neno ndilo litakalosikika kwanza. Katika taarabu, ambayo shairi ndilo roho yake, uamuzi huo ulikuwa wa kishairi.

Baada ya studio, sauti ilipaswa kusafiri. Wimbi la redio huibeba sauti kama jahazi libebavyo shehena: wimbi lenyewe halisikiki, na fundi hulipandisha na kulishusha kwa kufuata sauti, mpaka kipokezi cha mbali kikaipakua shehena na kuliacha jahazi. Kwa miaka mingi redio ya Zanzibar ilisikika katika masafa ya kati ya kilohezi 585. Wimbi la masafa hayo lina urefu wa mita 513 hivi, na robo ya wimbi, ambayo ni kipimo cha kawaida cha mlingoti wake, ni mita 128. Chini ya milingoti ya namna hiyo hufukiwa waya nyingi za shaba zilizotandazwa kama mizizi, kwa kuwa ardhi nayo ni sehemu ya mtambo. Mchana wimbi hili hutambaa juu ya ardhi na bahari. Usiku tabaka la chini la anga linalolimeza mchana hutoweka, na wimbi hupaa, likagonga tabaka la juu na kurudi chini mbali sana. Ndiyo sababu ya wazee wetu kusema kwamba redio husikika vizuri baada ya isha.

Masafa mafupi yalikwenda mbali zaidi. Mtambo wa Dole, wa kilowati 50, ulitangaza katika kilohezi 11735, na sauti yake ilivuka Bahari ya Hindi. Wazanzibari waliohamia Oman na nchi za Ghuba waliweza kuisikia taarabu ya nyumbani kutoka nyumbani. Ulaya na Amerika ya Kaskazini walikuwako watu ambao starehe yao ni kutafuta stesheni za mbali, na kwa hao kuipata Zanzibar usiku ilikuwa sawa na mvuvi kupata nguru. Sidhani kama pana diwani ya Kiswahili iliyowahi kufika mbali hivyo kwa usiku mmoja.

Lakini kisiwa si mahali pepesi pa kuweka mnara. Chumvi ya upepo wa bahari hula chuma na shaba. Waya zinazoushikilia mlingoti hupata kutu, vikombe vya kuzuia umeme huvaa ukoko wa chumvi, na mvua za masika huja na radi inayoupenda mlingoti kuliko minazi. Ndani ya mtambo wa vali mnapita umeme wa maelfu ya volti, na fundi hujifunza mapema kuweka mkono mmoja mfukoni anapochungulia, ili umeme ukimshika usipate njia ya kupitia moyoni. Haya hayasikiki redioni. Matangazo yakiwa mazuri fundi hayupo. Anakuwapo pale tu panapokuwa kimya, na hapo ndipo watu huuliza fundi yuko wapi.

Pana siku moja katika historia yetu ambayo mlango wa studio ulikuwa mlango wa nchi. Tarehe 12 Januari 1964 stesheni ya Rahaleo ilitekwa, na sauti ya John Okello ikatoka humo ikiwatangazia watu wa visiwa hivi kwamba serikali imepinduliwa. Mengi yameandikwa juu ya asubuhi hiyo, na wanahistoria hawajakubaliana juu ya mengi. Jina la aliyesema limeandikwa. Mtambo wa redio, hata hivyo, haujiwashi, na kipaza sauti hakijipimi. Kila anayeitaka dola katika zama za redio anaanza kwa kumhitaji mtu mmoja ajuaye swichi. Katika vitabu nilivyovisoma mtu huyo hana jina.

Mimi nilizaliwa kisiwani humu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na utoto wangu ulikuwa wa televisheni ya rangi. Vijana wa leo wakiambiwa hawaamini. Zanzibar ilianza kurusha picha za rangi mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970, ikiwa ya kwanza kusini mwa Sahara. Mzee Abeid Amani Karume, aliyeitaka, aliuawa Aprili 1972 kabla ya kuiona. Kenya ilikuwa na televisheni tangu 1962, lakini ya nyeusi na nyeupe. Afrika Kusini ilianza rasmi mwaka 1976. Tanzania Bara, ambako Mwalimu Nyerere aliiona televisheni kuwa ni anasa, ilisubiri hadi mwaka 1994. Sisi tulikaa mchangani, watoto kwa wazee, mbele ya seti moja iliyowekwa juu ili kila mtu aone, na tuliona kwamba kanga za waitikiaji ni nyekundu.

Wekundu huo ulikuwa kazi ya mikono. Mfumo uliotumika, wa PAL, una mistari 625 katika kila picha na picha 25 kwa kila sekunde. Rangi husafiri kwa wimbi dogo ndani ya wimbi kubwa, na wimbi hilo likiyumba kidogo tu njiani, uso wa mwimbaji huwa wa kijani. Waliobuni PAL waliufanya ujanja: sehemu ya rangi hupinduliwa mstari mmoja na kurejeshwa mstari unaofuata, na kipokezi huipatanisha mistari miwili, hivyo kosa la mmoja likafutwa na kosa la mwenziwe. Mfumo huo ulitoka Ujerumani, ila mshairi wa kwetu hashangai kusikia kwamba mishororo miwili husahihishana. Pamoja na ujanja huo, kila kamera ilipaswa kuonyeshwa kwanza kitu cheupe ili ijue weupe ni upi, na hilo lilifanywa na mtu kila kipindi. Rangi tuliyoiona mchangani ilianza na fundi aliyesimama mbele ya kamera ameshika karatasi.

Umeme nao ulikuwa mtihani. Hadi kebo ya chini ya bahari ilipofika kutoka Bara mwaka 1980, Unguja iliishi kwa umeme wa jenereta. Kebo ikaleta faraja, lakini kisiwa kizima kikawa kinaning'inia katika uzi mmoja. Mwaka 2008 uzi ulikatika kwa takriban mwezi mzima. Desemba 2009 ulikatika tena, na Unguja ikakaa gizani hadi Machi 2010. Katika miezi ile mitatu watu walirudi kwenye redio za betri, na kila sauti iliyotoka katika redio ile ilitegemea jenereta iliyokuwa ikinguruma mahali fulani na fundi aliyekuwa akihesabu lita za dizeli.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike makala haya, nalo ni jambo la aibu kidogo, yangu na ya wengine.

Nilipokuwa na miaka 19 nilialikwa na idhaa moja kusoma shairi la beti 12. Idhaa yenyewe siitaji, kwa kuwa lililonipata hapo limewapata watu katika idhaa nyingi. Nilikaa mbele ya kipaza sauti nikaanza kwa nguvu zangu zote. Fundi, mtu mzima wa makamo, akausimamisha mtambo.

"Mwanangu, rudi nyuma shibiri moja. Hizo 'p' zako zinanipiga masikioni."

Nikarudi. Nikasoma ubeti wa kwanza, akausimamisha tena.

"Unakikimbilia kina. Utao unaumeza. Tua katikati, halafu maliza."

Hakuwa mshairi wala hakujidai kuwa. Alikuwa amewasikiliza washairi kwa zaidi ya miaka 20, mmoja baada ya mmoja, kwa umakini ambao hakuna mhariri aliyewahi kunipa. Hilo lilikuwa somo langu la kwanza la ughani, na sikumlipa hata shukrani. Sikumuuliza jina.

Miaka 11 ikapita. Daftari langu la ujanani lilikuwa limeharibika kwa mvua, nami nikakumbuka kwamba shairi lile lipo katika kanda. Nikarudi. Fundi alikuwapo bado, karibu na kustaafu. Akanipeleka rafuni, akatoa kasha la karatasi gumu. Juu yake mlikuwa na maandishi matatu kwa mkono uleule. La kwanza ni kichwa cha shairi langu, limekatwa kwa mstari. La pili ni wimbo wa taarabu, nalo limekatwa. La tatu lilikuwa hotuba ya ufunguzi wa mkutano, na hilo halikukatwa.

"Ami," nikamuuliza, "shairi langu liko wapi?"

"Lilikuwa humu. Likaja jingine juu yake, na jingine juu ya hilo. Halitoki tena."

Akanieleza bila ya kujitetea. Kanda mpya zilikuwa hazipatikani. Fedha za kigeni hazikuwapo, na zilizopatikana zilikuwa na kazi nyingine. Kila wiki palitakiwa kanda za habari na hotuba, na kila wiki ilibidi pafutwe kitu. Kanda hupitishwa kwenye sumaku, na kilichochukua saa nzima kuimbwa huondoka kwa muda mfupi. "Nimefuta kwa mkono huu huu," akasema. Mkono ulionukuu ndio uliofuta.

Wala kufuta hakukuwa adui wa pekee. Joto na unyevunyevu wa visiwani huiharibu kanda hata ikiwa imewekwa kwa heshima. Kanda za zamani za asetati huanza kunuka siki, kisha hujikunja na kukatika. Katika nyingi za zile zilizokuja baadaye, gundi inayoushika unga hunywa maji ya hewani, ikanata. Ukiicheza, unga unabaki kwenye kichwa cha mashine na sauti inaondoka pamoja nao. Dawa ipo: kanda ya namna hii, isiyo ya asetati, hutiwa katika joto la nyuzi 50 hivi kwa saa kadhaa, ikakauka, na hapo hapo inakiliwe kabla haijanata tena. Lakini ni lazima pawepo mtu anayejua kuzitofautisha aina mbili hizo, kwa kuwa dawa ya moja ni sumu ya nyingine. Na ni lazima ipatikane mashine nzima ya kuichezea. Mwaka 2019 UNESCO na jumuiya ya kimataifa ya nyaraka za sauti zilitoa tahadhari kwamba kufikia mwaka 2025 hivi kuzicheza kanda hizi kutakuwa kugumu mno, kwa uhaba wa mashine, vipuri na watu. Muda huo umetufikia.

Tena yapo yaliyookolewa, na tusiwanyime haki waliookoa. Rekodi za taarabu za Unguja na za bendi zilizorekodiwa na redio ya Dar es Salaam zimetolewa upya, nyingine katika mfululizo wa Zanzibara ulioanza Ufaransa mwaka 2005. Mwaka 2013 redio na televisheni za serikali hapa ziliunganishwa kuwa Shirika la Utangazaji la Zanzibar, na wakati huo matangazo ya televisheni nchini yalikuwa yakihamia mfumo wa dijitali. Watu hudhani kwamba dijitali imemaliza udhia. Faili halipati kutu, ni kweli. Lakini nalo huishi ndani ya diski inayokufa, na kufuta kwake hakuhitaji hata sumaku. Mnukuzi anahitajika vilevile.

Narudi rafuni. Nilipotaka kuondoka, yule fundi akanishika mkono, akanionyesha safu ya makasha ya chini kabisa. Juu yake paliandikwa "Majaribio ya mtambo", na tarehe. Hizo, akaniambia, hakuna anayeziomba wala anayeamuru zifutwe, maana ndani yake hudhaniwa kuna mlio wa kupimia tu. Lakini katika baadhi yake hamkuwa na mlio. Kila alipoamriwa kufuta kitu ambacho moyo wake ulikataa, alifuta kanda nyingine, akakitia kile katika kasha la majaribio. Aliniambia ni nini na nini kilichomo: utenzi ulioghanwa na bibi mmoja wa shamba, nyimbo, majibizano ya washairi wawili waliokwisha kufariki.

"Na langu, ami? Hukulificha?"

"Sikulificha. Ulikuwa kijana. Nilijua utaandika jingine."

Nimelifikiria jibu hilo kwa miaka mingi na sijapata la kumlaumu. Alikuwa akifanya kazi ya mhariri wa diwani ya taifa, peke yake, alasiri, bila ya kuombwa na bila ya kuruhusiwa. Alipima nani ataimba tena na nani hataimba tena. Aliniomba nisimtaje popote, kwa kuwa aliyoyafanya aliyafanya kinyume cha amri. Amekwisha kufariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nami nimeshika ahadi.

Sasa tuyatazame mambo yalivyo. Anayetafuta utenzi ule leo kwa jina la mtunzi hataupata. Hata akiwa na orodha kamili ya rafu, orodha itamwambia kwamba pale pana mlio wa kupimia. Yumkini kasha limekwisha kutupwa na mtu mwaminifu aliyekuwa akisafisha ghala. Orodha ya kweli ilikuwa kichwani mwa fundi, na sina shaka kwamba mafundi wengine, katika idhaa nyingine za pwani, wana orodha zao. Wengi wao ni wazee wa miaka 70 na 80. Wanakaa barazani, wanacheza bao, na wapita njia huwaamkia bila ya kujua kwamba mikono ile imeshika nusu ya fasihi ya karne iliyopita.

Rai yangu ni ndogo. Kila rekodi inayotolewa upya na iandikwe, pale inapojulikana, jina la aliyeirekodi, chini ya jina la mtunzi na mwimbaji, kama Kijuma alivyoandika lake. Na kila mmoja wetu mwenye jirani aliyewahi kufanya kazi nyuma ya kioo na aende akakae naye, amuulize kanda gani ziko wapi, na kwa jina lipi la uongo.

Tena aende na kalamu. Nasema hivyo kwa sababu siku ile rafuni, yule mzee aliponitajia kilichomo katika makasha yale, moja baada ya moja, mimi mshairi nilikuwa mkono mtupu. Nilidhani nitakumbuka. Nakumbuka bibi wa shamba na washairi wawili. Majina yamenipotea, na tarehe zote. Mwalimu Sikujua, alipokaa na wazee wa Mombasa, aliandika.